Matanga ya Kanisa la Mbali

Harufu ya sabuni ya karboli hunisimamisha popote inaponikuta, hata nikiwa kwenye duka kubwa la Khuwair, watu wananipita na vikapu vyao na mimi nimeganda katikati ya njia. Ndiyo iliyokuwa harufu ya mikono ya Bi Ruthi. Chini ya karboli kulikuwa na mdalasini, maana akitoka zahanati aliingia moja kwa moja jikoni kwake kuoka mikate, na ile mikono haikuwahi kuamua kama ni ya muuguzi au ya mwokaji. Nilikuwa na miaka minane. Mji ni Maskati ile ya ndani ya kuta, yenye milango mikubwa na majabali meusi yaliyouzunguka pande zote, yakinyonya jua mchana kutwa na kututemea joto lake mpaka alfajiri. Wajukuu zangu nikiwaambia kwamba nyumbani kwetu hapakuwa na umeme wala bomba la maji, hunitazama kwa huruma, kisha wakaongeza baridi ya kiyoyozi wakarudi kwenye simu zao.

Tulifika kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne, na mabegi mawili na cherehani ya Mama. Tulivyotoka sitasimulia, wengi wameshasimulia, na mimi mpaka leo ulimi hauniruhusu. Baba hakukaa hata miezi mitatu, akaenda Kuwait kutafuta ukarani. Tukabaki Bibi, mzaa baba, na Mama, na mimi. Ami yake Baba, aliyekuwa mtu mwenye nafasi yake mjini, alitupa nyumba ndogo nyuma ya zahanati ya wamishionari wa Kimarekani. Alitupa nyumba, akatupa mikeka minne, mitungi ya maji na Mabruka. Naandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo tulivyosema. Mabruka alikuwa mjakazi aliyezaliwa katika nyumba ya ami, mwanamke mrefu, mweusi tititi, wa makamo ya Bibi au kumzidi kidogo, asiyesema ila akiulizwa. Mambo hayo yalikuwapo siku zile, na sisi hatukuyashangaa. Tulishangaa joto, tulishangaa ukosefu wa mvua, tulishangaa samaki aliyekaushwa. Mabruka hatukumshangaa.

Watoto wa kichochoroni walinicheka. Kiarabu changu kilikuwa cha kusomea msahafu, nikitaka maji nilisema mfano wa mtu anayehutubia, basi walikuwa wananifuata wakiniigiza mpaka mlangoni. Bibi akaniambia, "Waache wacheke, wao wakienda kwetu wataomba maji kwa mikono." Lakini kwetu hakukuwapo tena, na sote tulilijua hilo. Ndipo siku moja, kwenye kivuli cha ukuta wa zahanati, mwanamke mwekundu usoni, mwenye nywele za rangi ya mchanga na vazi jeupe lililomfika kwenye vifundo, aliinama akaniambia kwa Kiswahili, "Hujambo, binti? Mbona unalia peke yako?" Salaale! Katika mji wa mababu zangu, mtu wa kwanza asiyetoka kwetu kunisemesha kwa lugha yangu alikuwa Mmarekani. Alikuwa ameuguza wagonjwa bara, Tanganyika, kwa miaka kadhaa kabla ya kuolewa, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Nilimshika mkono nikampeleka nyumbani mbio, kana kwamba nimemwokota.

Aliingia akiamkia kila mtu. "Shikamoo Bibi," akaitikiwa. Akamgeukia Mabruka, aliyekuwa akipita na mtungi, akainamisha kichwa na kusema vilevile, "Shikamoo mama." Bibi akacheka kwa sauti. "Huyo haamkiwi, mwanangu, huyo ni mtu wa kazi." Lakini Mabruka alikwishautua mtungi. Akasema polepole, wazi kabisa, "Marhaba." Kicheko cha Bibi kikakatika. Mwaka mzima na zaidi yule mwanamke alikuwa nasi, tukisema mbele yake kila tulichotaka kusema, juu ya watu, juu ya ami, juu yake mwenyewe, na hatukuwahi kujua kwamba anakijua Kiswahili. Bibi hakuigusa chai yake mpaka ikapoa. Nadhani alikuwa akiyapitia maneno yake yote tangu siku ya kwanza. Mabruka alichukua mtungi akaenda zake, na hakuna aliyemuuliza lugha ile aliitoa kwa nani.

Mumewe Bi Ruthi tulimwita Padri. Mwenyewe alijitahidi kutueleza kwamba yeye si padri, ni mchungaji, na kwamba mapadri hawaoi ilhali yeye ana mke na mtoto. Bibi akamsikiza hadi mwisho, akasema, "Basi wewe ni padri uliyeoa," na mambo yakaishia hapo. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Jumapili asubuhi, barazani kwake, Bi Ruthi alikanyaga kinanda kilichokuwa kikikohoa kwa vumbi, na wanaosali hawakuzidi saba. Padri hakumbadili mtu dini katika mtaa wetu, na sidhani kama alitarajia. Bibi alimwambia uso kwa uso, "Kila Ijumaa nakuombea usilimu." Akajibu, "Na mimi kila Jumapili nakuombea wewe, Bibi." Wakaridhiana. Binti yao Karolina alikuwa wa umri wangu, na baada ya mwezi mmoja watu wakitutafuta walikuwa wakitutafuta sote pamoja.

Padri alipenda kutusimulia kanisa lao la nyumbani. Liko katika mji mdogo kusini mwa Marekani, la matofali mekundu, lina mnara mweupe na kengele. Watu wa kanisa lile ndio waliowatuma Maskati, na kila Jumapili waliyataja majina yao katika dua. Mlangoni kulikuwa na ubao wenye picha zao, ili mtu akiingia awaone kwanza wao. Nililipenda kanisa lile bila kuliona. Kilichomshinda Bibi ni habari kwamba watu wa kanisa hukutana, wakapiga kura nani awaongoze na nani asiwaongoze. "Wanaosali ndio wanaomchagua imamu, na wakimchoka wanamtoa?" Padri akasema ndiyo. "Basi huyo imamu atathubutu vipi kuwaambia wamekosa?" Padri alicheka, lakini Bi Ruthi hakucheka.

Sasa nieleze lililokuwa likitusibu sisi. Baba alikuja likizo mara moja, na aliporudi Kuwait alimwacha Mama na mimba ya saba. Kati ya sita zilizotangulia, aliyebaki hai ni mimi peke yangu. Nyingine ziliharibika, na mbili alizaa watoto wazima wakafa mbele ya macho yake, na mara zote alitoka damu mpaka watu wakamsomea Yasin kama mtu anayekata roho. Mkunga wa mtaani alimtazama tumbo akatikisa kichwa. Bi Ruthi hakutikisa kichwa. Kila asubuhi kabla ya zahanati alipita kwetu, akaweka kipembe chake cha kusikizia kwenye tumbo la Mama, akafumba macho, kisha akaniita na mimi niweke sikio. Tiki tiki tiki, upesi upesi. "Huyu nitamdaka mimi mwenyewe, kwa mikono hii," alimwambia Mama. Mama, ambaye tangu Unguja alikuwa hajacheka, alianza kushona vinguo vidogo kwenye ile cherehani. Nyumba nzima iliishi kwa neno lile la Bi Ruthi. Baba aliliandikiwa Kuwait, akajibu kwamba amelala usingizi kwa mara ya kwanza.

Sikukuu ya Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja, tuliwaalika. Mama na Bibi walipika pilau ya Unguja, khasa ile ya kukaushwa, na sinia likawekwa katikati ya mkeka. Tukakaa kulizunguka: Bibi, Mama, mimi, Padri, Bi Ruthi na Karolina. Mabruka alisimama nyuma na birika na bakuli la kunawia, kama ilivyo desturi. Padri alikuwa na kamera. Akaiweka juu ya kigoda, akaitegesha, akarudi mbio kukaa, nusura alikalie bakuli la achari. Tukacheka sana. Kwetu mgeni umpendaye humwachi ajichukulie nyama mwenyewe. Unamtafutia finyango nzuri, unaifunga na wali ukafanya tonge, unamtia kinywani kwa mkono wako. Basi nilimfanyia Karolina tonge, na wakati ule ule kamera ikalia. Kanda ile ilipelekwa Bahrain kusafishwa, na picha zikaja mbili mbili. Vidole vyangu vyeusi vimeingia kinywani mwa mtoto mweupe, naye amefumba macho kwa utamu. Padri aliifurahia kupita zote. Nakala moja aliitia katika bahasha, pamoja na barua ndefu aliyoiandika siku tatu, akaipeleka kwa wazee wa kanisa lake waibandike kwenye ubao wa mlangoni.

Joto lilikwishapamba moto na tende zimeanza kupata rangi barua ya majibu ilipofika. Asubuhi hiyo Bi Ruthi hakuja kumsikiza mtoto. Mama alingoja amelala chali, tumbo wazi, mpaka jua likaingia chumbani. Nikatumwa. Nilikuta mapazia yamefungwa, Padri amekaa chini kwenye sakafu, hakunyoa ndevu, miwani mkononi. Bi Ruthi alitoka chumbani macho yamemvimba, akaniambia, "Mwambie Mama anisamehe. Tumepata habari mbaya kutoka nyumbani." Sikungoja zaidi. Nilikimbia hadi kwetu nikapiga kelele tangu ukumbini, "Wamefiwa! Bi Ruthi na Padri wamefiwa kwao!"

Bibi alisema innalillahi, akafunga kilemba chake vizuri, akaanza kazi. Mfiwa hawashi moto jikoni kwake siku tatu. Hilo halina Mwislamu wala Mkristo. Saa sita haijafika, mikeka yetu yote minne ilikuwa imetandikwa barazani kwa Padri, viti vyake vimerundikwa uani, na wanawake wanane wa Kiunguja waliokuwa wakiishi Maskati na Matrah wamekaa wamejitanda, wameinamisha vichwa. Mabruka aliingia na chungu cha wali kichwani, akatoka, akarudi na cha mchuzi. Padri na mkewe walisimama katika nyumba yao wakitutazama, hawajui la kufanya. Kwetu hakuna anayemuuliza mfiwa kafa nani. Mwenyewe akitaka atasema. Wao hawakujua wanangojwa waseme. Siku ya kwanza ikapita hivyo, watu wanakaa, wanakula, wanashusha pumzi, na Bi Ruthi akilia kila mwanamke mmoja alipomkumbatia. Mimi niliona ajabu moja tu, kwamba hakuna aliyetajwa.

Siku ya pili Padri alikaa mkekani mbele ya Bibi, akasema, "Bibi, tunashukuru. Lakini hajafa mtu."

"Hajafa mtu?" Bibi aliniangalia mimi, na nikatamani ardhi inimeze. "Basi mkeo analilia nini?"

Padri akaleta ile picha kutoka kwenye rafu, akaiweka juu ya mkeka. Akaeleza polepole, Kiarabu na Kiswahili vikichanganyika, na Bi Ruthi akimsaidia pale neno lilipomkwama. Kanisa lao lina mlango ambao watu weusi hawaruhusiwi kuupita. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wazee walisimama tu pale mlangoni wakawarudisha. Yeye tangu utoto alilijua jambo hilo na akanyamaza. Alipoiona picha hii aliona haya, akawaandikia wazee kwamba yeye anakula sinia moja na watu ambao kanisa lake lingewafukuza, na kwamba anawaomba kwa jina la Yesu waufungue mlango. Wazee waliitazama picha. Waliona vidole. Wakaitisha mkutano wa kanisa zima, wakapiga kura, na kura ikapita kwamba majina yao yatolewe katika dua, picha zao zibanduliwe, na wao warudi.

Bibi aliishika ile picha kwa ncha za vidole, akaisogeza kwenye mwanga. "Kwa sababu mtoto kamlisha mwenzake?" Padri akaitikia kwa kichwa. "Na hiyo ni nyumba ya Mungu au ni nyumba yao?" "Ni ya Mungu." "Na wanaposali, hawaogopi?" Bibi alirudisha picha mahali pake, akapangusa macho kwa ncha ya mtandio, na nikamsikia akisema neno ambalo wanawake wale walilikumbuka miaka mingi: "Basi hamkufiwa na mmoja, mwanangu, mmefiwa na mji mzima. Tutakaa siku zetu tatu." Akaita, "Mabruka! Teremsha chakula." Mabruka aliteremsha, akarudi kusimama penye mlango. Padri alimtazama, akamuuliza Bibi, "Na huyu mama, hakai nasi?" Bibi akasema, "Ah, huyo ana kazi." Padri alifungua kinywa, akakifunga. Alikuwa mgeni, na siku ile alikuwa mfiwa, na nadhani alichoka.

Tangu siku ile niliuchukia mkono wangu wa kulia. Nilikula kwa kijiko, jambo ambalo nyumbani kwetu lilikuwa kichekesho. Mama akaniita, akanifungua kiganja. "Umejiunguza?" Nikasema la. "Umeumwa na nge?" Nikasema la, kisha nikaangua kilio nikamwambia kwamba ni mimi niliyemfukuzisha Bi Ruthi. Mama alinivuta kwake mpaka tumbo likatutenganisha, na yule mtoto akanipiga teke la ubavu. "Wewe umempa mwenzio chakula," alisema. "Wao ndio waliokitapika." Nilitaka kumwamini. Lakini nilikuwa najua kuhesabu miezi, na nilijua mtoto hajafika.

Bi Ruthi aliomba abaki peke yake hadi Mama ajifungue. Nilikuwa uani kwao siku waliyobishana, yeye na mumewe, kwa Kiingereza, na Karolina alinitafsiria huku akivunja vijiti. Mama yake alisema kuna mwanamke amemwahidi. Baba yake alisema barua inawataka wote wawili, na kwamba asiposimama mbele ya watu wale akawaambia kwa mdomo, atakuwa mwoga mara ya pili. Wote wawili walikuwa na haki, nadhani sasa. Wakati ule nilimchukia Padri. Muuguzi wa kushika nafasi ya Bi Ruthi alikuwa ameshaandikiwa, yuko njiani, na kila wiki alikuwa yuko njiani. Kwa hiyo Bi Ruthi alifanya aliloliweza. Mikono ya Bibi ilikuwa inatetemeka, na ya mkunga wa mtaani hakuiamini, basi alimchukua Mabruka. Siku kumi mfululizo, kila adhuhuri, waliketi wawili chini uani kwetu, na Bi Ruthi akamfundisha kuchemsha mkasi, kufunga kitovu, kulikanda tumbo baada ya mtoto kutoka, kumpulizia pumzi mtoto asiyelia. Mabruka alirudia kila kitu mara moja tu, bila kosa. Siku ya kuondoka, Bi Ruthi alimwamkia tena shikamoo, akamkumbatia. Mimi na Karolina hatukuagana, maana nilijificha juu ya dari nikawaona wakitoka mlangoni na masanduku, naye akigeuka geuka kunitafuta.

Mama alishikwa na uchungu wiki tano baadaye, asubuhi, kabla ya siku zake. Zahanati ilikuwa imefungwa. Daktari wa zahanati alikuwa amekwenda vijiji vya pwani, huko Batina, na mtu aliyetumwa Matrah kutafuta gari alichelewa mpaka jua likawa utosini. Mimi nilikaa nje ya mlango, mgongo ukutani, nikisikia sauti ya Mabruka, sauti niliyokuwa siijui, nzito na ya upole, ikimwambia Mama kwa Kiswahili, "Sukuma, mwanangu. Mimi nipo." Mtoto alitoka hakulia. Nilihesabu pumzi zangu, nikafika ishirini na tatu, ndipo akalia. Mabruka alikuwa amempulizia. Kisha Bibi alianza kuita jina la Mama, kwanza kwa kawaida, halafu kwa nguvu. Damu haikukubali kusimama. Mabruka alilikanda lile tumbo kama alivyofundishwa, akaendelea kulikanda wakati Bibi alikwishaacha kuita, akaendelea mpaka wanawake wakamshika mikono wakamwondoa.

Sisemi kwamba kura iliyopigwa ng'ambo ya bahari ilimuua mama yangu. Bibi alisema hivyo mpaka anakufa. Daktari aliporudi alisema huenda hata Bi Ruthi asingeweza. Huenda. Nimeishi na hilo neno karibu miaka sitini na sijawahi kulizoea. Ndugu yangu tulimwita Nasor, na Mabruka alimbeba mgongoni mpaka akafika umri wa kukimbia. Mwaka wa sabini alikuja sultani mpya, mambo yakageuka ghafla, milango ya mji ikafunguliwa, skuli zikaanza, Baba akarudi kutoka Kuwait kupewa kazi serikalini, na Mabruka akaambiwa yuko huru. Alikaa nasi mwezi mmoja zaidi. Asubuhi moja alikunja nguo zake, akambusu Nasor utosini, akaenda Sib kwa watu aliowajua yeye. Tulihamia nyumba mpya na tulikuwa na shughuli nyingi. Habari ya kufa kwake ilitufikia arubaini yake imeshapita. Bibi alisema maskini, Mungu amrehemu, akauliza chakula kiko wapi. Kanisa la Marekani tulilikalia matanga siku tatu kamili. Yeye hatukumkalia hata saa moja.

Sasa niko Bawshar, katika nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu. Mjukuu wangu anasoma Marekani, katika jimbo lile lile la kanisa la Padri, na hunionyesha kwenye simu makanisa ya huko siku hizi: mengine makubwa kama viwanja vya mpira, mchungaji anatembea jukwaani na kipaza sauti shavuni, nyuma yake taa za rangi, mengine yamepasuka vipande viwili kwa ugomvi wa nani aingie na nani asiingie, au mchungaji awaombee wanasiasa gani. Yeye huona kichekesho. Mimi huwatazama wachungaji wale nikamkumbuka mtu mwembamba wa miwani ya uzi, nikajiuliza ni nani kati yao angewaambia wenziwe neno moja la kumpotezea mimbari. Ni yeye, mjukuu wangu, aliyemtafuta Karolina akampata. Mzee kama mimi, ana fimbo. Aliniandikia kwamba baba yake alisimama mbele ya kanisa lile, wakamsikiza kwa adabu, wakaimba wimbo, wakatoka. Hakupewa kanisa jingine maisha yake yote. Alifundisha hesabu skulini, na Jumapili alikaa kiti cha nyuma katika kanisa la watu weusi ng'ambo ya reli. Bi Ruthi hakuacha kuuliza kama yule mtoto alizaliwa salama, na barua zao kwetu hazikufika. Kanisa la matofali sasa liko wazi kwa kila mtu, na ukutani wameweka kibao cha shaba cha kuomba radhi. Hakina jina la mtu hata mmoja, si waliopiga kura wala waliofukuzwa.

Ndani ya bahasha Karolina alitia ile picha. Vidole vyangu, macho yake yaliyofumbwa, Mama akicheka na mkono juu ya tumbo. Nililia, kisha nikafuta miwani nikatazama tena, na mara hii nikaona kilichokuwamo siku zote: nyuma yetu, nusu yake imekatwa na ukingo wa picha, amesimama Mabruka na birika. Padri aliandika majina nyuma, kwa utaratibu wa kwetu, kila mtu na baba yake. Zuwena binti Khalfan, ndiyo mimi. Bibi na baba yake. Mama na baba yake. Mwisho kabisa ameandika "Mabruka binti", akaacha nafasi. Karolina ananiambia baba yake alijuta mpaka mwisho kwamba hakuuliza, na akasema, mkimpata Zuwena atawajazia, wao waliishi nyumba moja.

Nilichukua kalamu. Niliishika juu ya ile nafasi mpaka wino ukaanza kukauka. Miaka sita alitutekea maji, alimfumba Mama macho, na mimi simjui baba yake, wala mama yake aliyempa Kiswahili chake, wala kaburi lake Sib liko upande gani. Nikampigia simu Nasor, mhandisi mstaafu, mwenye watoto watano. Yeye kakua akiambiwa alizaliwa mikononi mwa Bibi. Ndivyo Bibi alivyopenda kusimulia, na mimi sikumsahihisha. Nikamuuliza, "Nasor, Mabruka alikuwa binti nani?"

"Mabruka yupi huyo, dada?"